Mkate Miguuni pa Sanamu

Hounslow, London

Mama yangu uliyeninyonyesha,

Nakushika miguu, huo mzima na huo unaouma. Dawa ya kuchua niliyokutumia imefika? Usimgawie jirani, nakujua. Sisi wazima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku haina adabu, inakufuata mpaka kitandani. Mume wangu, aliyekuwa karani mkuu huko Mombasa, bado hajapata kazi. Wanamwambia hana uzoefu wa Uingereza, kana kwamba huku mbili na mbili si nne. Kwa hivyo yeye, mimi na watoto tulikuwa tukila kwa mikono yangu. Nakuandikia kabla maneno hayajakufikia kwa njia nyingine.

Unajua nilikuwa mhudumu katika ukumbi wa chakula wa kile chuo kikuu kikubwa. Mwaka huu maprofesa wamezuka na jambo jipya: dunia inaharibika, tusitupe vitu ovyo. Wakaunda Kamati ya Mazingira. Kamati hukutana katika chumba chenye moto kama tanuri la mikate, madirisha wazi kwa sababu waheshimiwa wanaona joto, na humo ndimo walimokata shauri taa za ngazi zetu wahudumu zizimwe. Wamebandika makaratasi kila ukuta kuwaambia watu wasiharibu karatasi. Mama, ungecheka mpaka ukakaa kitako.

Na chakula je? Wanafunzi hung'ata mkate mara moja, wakausukuma, ukaanguka, wakaukanyaga. Nawe ulinilea vipi? Mkate ukianguka uuokote, uubusu, uuweke juu. Sasa mle ukumbini pa juu ni mahali pamoja tu, lile jiwe lenye sanamu ya mzee aliyekianzisha chuo. Nikawa naviweka vipande pale, namzungushia mzee miguuni. Sikumwambia mtu, kwani kulikuwa na nini cha kusema?

Asubuhi moja nakuta watu wamejaa. Profesa, mwenyekiti wa Kamati, amesimama mbele ya sanamu mkono kifuani, anasema wanafunzi wamefanya maandamano ya kimya kupinga ubadhirifu. Wakapiga makofi, wakapiga na picha. Kijana mmoja mwenye ndevu, ambaye sijapata kumwona akimaliza sahani, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, eti ni yeye. Mimi nikaenda zangu kuosha masufuria.

Haikupita wiki, njiwa wakaingia ukumbini, wakala, wakamnyea mzee kichwani. Hapo hayakuwa tena maandamano. Ukawa uchafu, na uchafu ukatafutiwa mwenyewe. Msimamizi wetu akanikamata nikiweka kipande, akanipeleka kwa Profesa.

"Ni wewe, Zarina?"

"Ni mimi. Hiyo ni riziki, bwana. Riziki haikanyagwi."

Akatabasamu kama anayesikiliza mtoto. "Mila nzuri sana hiyo. Lakini hapa tuna taratibu za usafi. Chukua ndoo hii ya mikate, uitupe yote kwenye pipa mbele ya wenzako, na kazi yako utabaki nayo."

Ndani ya ndoo mlikuwa na mkate uleule alioupigia makofi. Nilifikiria kodi ya chumba, Mama. Nilifikiria watoto. Wallahi mkono wangu uliishika ile ndoo. Kisha nikamnyooshea.

"Tupa wewe."

Akaitazama ndoo, akaitazama mikono yake, halafu akamwita mwanamke mwingine. Naye akatupa, maskini, simlaumu. Mimi nikavua aproni.

Mume wangu ananiambia, "Kesho enda useme sori, yaishe. Mkate wenyewe wa Wazungu, wakuhusu nini?" Hilo limeniuma kuliko yote ya Profesa. Nimemjibu kwamba siendi. Nitatafuta kufagia huko uwanja wa ndege, wanasema wanachukua watu.

Nisalimie kaka yangu wa kunyonya, fundi cherehani, na mkewe. Nisalimie na shangazi wa ng'ambo ya barabara, maana yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kukuletea habari kwamba nimefukuzwa kwa uchafu. Kufukuzwa mwambie ni kweli. Hilo la uchafu alirudishe kwa wenyewe.

Uniombee, Mama. Kodi ni Ijumaa, na naogopa. Lakini siendi.

Mwanao,
Zarina