Namba Uliyonificha, Fundi

Fundi Rajabu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, na leo sina hata hamu ya kuitikiwa. Nimekukasirikia. Nilikulilia msibani mpaka sauti ikakauka, nikapika pilau ya arobaini yako pamoja na wanawake wa Ujiji ambao hata jina langu hawalijui vizuri, kwa hiyo nadhani nimepata haki ya kukwambia: ulinifanyia vibaya.

Habari za nyumbani kwanza, maana ndivyo ulivyopenda. Mama Asha hajambo, bado yuko eda, anashinda chumba cha ndani na redio yako ndogo. Binti yenu Asha amerudi kutoka Kasulu kumtunza. Mdogo wako Saidi ndiye mwenye neno la mwisho siku hizi. Baada ya arobaini alisimama mlangoni pa chumba chetu cha kazi, akaziba pua kama yuko Kibirizi kwenye dagaa, akasema chumba atapewa muuza vipodozi na "hayo mavyuma" yatakwenda kwa wanunua chakavu. Akanipa wiki mbili. Miaka kumi na minane nimerekodi sauti za watu ndani ya chumba kile, Fundi, na nimepewa wiki mbili.

Sikumbishia. Nilitaka kitu kimoja tu, CD ya Bibi.

Unaikumbuka. Bibi yangu wa Mwamgongo, mzaa mama. Ulimwita mwenyewe, baada ya kunisikia nikiimba nyimbo zake za kubembelezea watoto huku nafuta vumbi kwenye kaseti. Alishuka kwenye boti na dumu lake la mawese, akaingia pale akasalimia kwa Kiha, "Mwakeye," akakaa chini sakafuni kwa sababu kiti chako kilikuwa kinamzungusha. Ukamrekodi. Ukaenda kuichoma sauti kwenye CD mjini, nakala moja. Mwaka uliofuata Bibi akafariki. Tangu hapo kila mwaka mama yangu alitoka Bangwe kuja kumsikiliza mama yake, na kila mara ulizima baada ya wimbo wa tatu, ukasema kilichobaki ni makelele.

Sasa mama anaumwa. Macho yameshakwenda, masikio bado yapo. Kila nikimpelekea uji ananiuliza, "Skola, ile sauti iko wapi?" Na mimi nasema iko, mama, iko.

Iko wapi! CD yenyewe imekwaruzika. Kompyuta za siku hizi, zile chache zenye pa kuingizia CD, zinaizungusha kwa kasi, zinakoroma, zinaitema. Inasomwa na draivu moja tu, ile yako kongwe, ya polepole, ambayo waya wake hauendi kwenye bodi kuu kama draivu za watu wengine, unakwenda kwenye kadi ya sauti. Na Linux yako ya zamani, ile programu inayoiendesha kompyuta, haiioni draivu hiyo mpaka iambiwe kwa namba mahali pa kuitafuta. Namba hiyo uliichapa wewe mwenyewe, kila asubuhi. Ungeweza kuihifadhi kwenye faili mara moja, mambo yakaisha. Hukutaka.

Na mimi nilikuwa wapi? Kwenye kahawa!

"Skola, kafuate kahawa." Mashine ikifika tu pale pa namba, kiu inakushika. Nachukua birika, navuka barabara, narudi, nakuta taa ya draivu inawaka na wewe umekunja mikono, mpole kabisa. Kahawa inapoa mezani hujaigusa. Mwaka wa kwanza niliamini una kiu kweli. Mwaka wa tatu nilishajua. Lakini ningesema nini? Mafundi wote wa rika lako walikuwa hivyo. Hata fundi cherehani jirani yetu alikuwa akifika kwenye kukata shingo ya kanzu, mwanafunzi anatumwa uzi. Nikajiambia siku yangu itafika. Halafu ukarudi kutoka msikitini Ijumaa ile umeshika kifua, na siku yangu ukaondoka nayo.

Basi nikafungua mashine. Nikachomoa kadi, nikaipuliza, nikavaa miwani ya mama. Pembeni ya vile vipini vidogo pameandikwa 220, na kikofia cha plastiki kinachochagua namba kimekaa hapohapo. Nikasema nimekupata, mzee. Draivu imechomekwa kwenye kadi, kadi iko 220, basi na draivu iko 220. Nikachapa. Mashine ikaganda kimya. Nikaizima kwa nguvu, nikaiwasha, ikaanza kujikagua taratibu kama bibi harusi anayepambwa, mimi nimekaa nasubiri. Nikajaribu 240. Ikaganda. 260. 300. Kila kosa, kuzima, kuwasha, kusubiri tena. Nilimwita kijana mmoja wa simu kutoka mjini, akachungulia ndani akacheka, "Dada, hii peleka makumbusho." Nilimtoa nje na begi lake.

Nilikutukana, Fundi. Mbele ya mswaki wako ulioachwa dirishani nilisema maneno ambayo sitayarudia hapa. Mtu anakupa funguo za chumba, anakuachia vipaza sauti, anakuamini na harusi za watu, halafu tarakimu tatu anakunyima! Tatu!

Siku ya mwisho mkokoteni wa chakavu ulikuwa tayari nje. Nikachukua kitambaa nikaanza kuifuta kibodi, maana sikutaka kitu chako kitoke kichafu hata kama kinakwenda kuyeyushwa. Nilipofika mstari wa namba mkono ukasimama. Moja inasomeka. Nne inasomeka, tano, sita, mpaka tisa, nyeupe kama mpya. Mbili imefutika. Tatu imefutika. Sifuri imefutika kabisa. Kidole chako, Fundi. Ulificha kwa mdomo miaka yote hiyo na kidole kilikuwa kinasema kila asubuhi.

Mbili, tatu, sifuri. Kumbe kwenye kadi ile sauti ina anwani yake na draivu ina yake, kila moja na mlango wake, na mimi nimeshinda wiki mbili nabisha hodi mlango wa jirani. Nikachapa 230. Taa ikawaka. Nikapiga ukelele mpaka Asha akaja mbio akidhani nimepigwa shoti. Alipoelewa alikwenda kusimama mbele ya mkokoteni, akamwambia Saidi, "Baba mdogo, hili sanduku haliendi." Sijui alilitoa wapi neno lile, lakini lilikuwa lako kabisa. Tukaipakia mashine kwenye bajaji mpaka Bangwe.

Mama alikaa kitandani ameegemea ukuta. Wimbo wa kwanza alilia. Wa pili akaimba na mama yake. Wa tatu ukaisha, na hapakuwa na mtu wa kuzima.

Nikakusikia wewe, siku ile ya Bibi, kinasa sauti hujakizima. "Skola, kafuate kahawa." Nikasikia ndala zangu zinatoka, mlango unajifunga. Halafu Bibi, kwa Kiswahili chake cha Mwamgongo, "We mzee, mbona kila ukigusa hilo sanduku unamfukuza mwana wetu?" Ukacheka. Halafu hukucheka tena. Ukasema, "Bibi, huyu akishajua yote ataondoka. Mimi nitabaki na nani?"

Hayo ndiyo makelele uliyokuwa unayazima.

Nimeirudia mara nyingi, na kila mara nakasirika upya. Nani alikwambia nitaondoka? Uliwahi kuniuliza? Ningekaa, Fundi. Nilikaa! Miaka kumi na minane nilikuwa navuka barabara na birika nikijua unanidanganya, na nikarudi kila siku. Ulitaka nikuoneshe vipi?

Nakupenda, na bado nimekasirika, uyapokee yote mawili. Mungu akulaze pema. Mama anakusalimu, anasema anashukuru kwa sauti ya mama yake, na kwamba ulikuwa mjinga.

Ninakuahidi hivi. Asha ameniomba nimfundishe, anaanza Jumatatu. Nimeiandika namba kwenye ukuta wa mama, juu ya mashine, kwa rangi nyekundu, kubwa kiasi kwamba wapita njia wanaisoma dirishani na kuuliza ni ya nini. Na kahawa nitapika mwenyewe mapema, iwe mezani kabla hatujawasha, ili binti yako asitoke nje hata dakika moja.

Wako aliyekuwa hapa wakati wote,
Skola