Programu Iliyojifunza Ntumba

Jumatatu, 6 Mei
Picha tena leo. Kuzikata, kuzipanga, majani yenye kutu huku, mazima kule. Mgongo unauma. Deo, mwenzangu wa mradi, anaandika ripoti na kujisifu. Programu yetu inaangalia picha ya jani la harage na kusema kama lina kutu, ule ugonjwa wa vidoa vya kahawia, au ni zima. Inapatia karibu kila picha. Tunatetea mradi mbele ya jopo tarehe 20. Msimamizi wetu alitabasamu, na yule mtu hatabasamu hovyo. Nimeanza kuota joho.

Jumamosi, 11 Mei
Kijijini kwa Mama. Baridi ya kukata masikio. Pasaka nilimwekea programu kwenye simu yake, kwa mbwembwe zote. Leo, shikamoo haijapoa mdomoni, kanivuta shambani. Ntumba zake zote, vile vichuguu vya udongo tunavyofukia nyasi ndani, zina maharage yenye vidoa vya kahawia hadi majani ya chini.

Kila mwaka Mama hung'oa mche wa kwanza wenye vidoa na kuuchoma. Mwaka huu aliuliza simu. Simu ikasema zima. Akauacha.

"Nikajua ni macho yangu yamezeeka, mwanangu," alisema. Hakuwa na hasira. Bora angekuwa nayo.

Jumapili, 12 Mei
Misa sikusikia hata neno. Kumbe Mama aliwaonyesha simu wenzake wa jumuiya. Wawili nao hawakung'oa. Wamenisalimu kwa furaha, msomi wetu. Aibu tupu.

Jumanne, 14 Mei
Nimerudi mjini, Katandala, chumbani kwangu. Nimejua.

Picha zote za majani mazima nilipiga mimi, kwa Mama, kwenye ntumba. Zote zenye kutu alipiga Deo huko Namanyere, kwa Mzee Masanja aliyehama Shinyanga na ng'ombe wake. Wanalima kwa plau, matuta marefu yaliyonyooka. Picha za kuijaribia programu tulichota kwenye rundo hilohilo, ndiyo maana ilikuwa inapatia.

Nimeipa picha ya ntumba isiyo na mche wowote. Udongo mtupu. Ikasema: jani zima.

Haijui kutu. Inajua ntumba. Na mimi, Mfipa niliyekua nikiziruka, sikuziona kwenye picha zangu mwenyewe. Mjinga mkubwa.

Ijumaa, 17 Mei
Tumegombana. Deo anasema tunyamaze, kwani wale wa jopo wana shamba la maharage? Simlaumu sana. Kwao wameshaanza kuulizia tarehe ya mahafali. Kwetu pia. Nikisema, mwaka huu hatumalizi. Nisiposema, programu inaenda kwa watu wengine kama Mama.
Naogopa.

Jumatatu, 20 Mei
Nimesema. Nilionyesha ule udongo mtupu ukutani, watu wote wakiangalia. Mmoja wa jopo akauliza nimegunduaje. Nikajibu, Mama.

Jopo limeamua tukusanye picha upya, tutetee tena muhula ujao. Mahafali hakuna. Msimamizi alinipa mkono. Deo alipita bila kunitazama. Nimelia chooni, nikanawa uso, nikarudi kuchukua laptopu yangu.

Jumamosi, 1 Juni
Kwa Mama. Ameng'oa zaidi ya nusu ya shamba. Mbegu ya mwakani ataomba kwa dada yake. Asubuhi nilipita kwa wale wawili wa jumuiya, nikawaambia programu ni mbovu, msiiamini. Mmoja alinikaribisha uji. Mwingine aliendelea kupeta ulezi wake.

Mchana nimepiga picha za majani yenye kutu, hapahapa kwenye ntumba. Upepo unayatikisa, basi Mama akawa ananishikia, moja moja, kwa vidole vyenye udongo. Baada ya kumi hivi nikashtuka. Akishika yenye kutu tu, programu itajifunza mkono wake.

Nimemweleza. Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu siku ile. Kisha akasogea kwenye miche iliyopona, akainama, akanishikia na mazima.