Mikono Iliyokatazwa Kusema

Reykjavík, 14 Oktoba 1956

Kaka Hallvarður,

Salamu nyingi. Hujambo huko Siglufjörður? Samaki bado wanaingia? Mimi mzima, ila vidole vimevimba, ndiyo maana mwandiko umeharibika.

Mwalimu Þorgils wa hapa shule ya viziwi amerudi kutoka Denmark na sheria mpya: hakuna kuongea kwa alama. Kiziwi aongee Kiaislandi kwa mdomo, kama watu. Shule ya jirani wanasoma mpaka Kidenishi na Kiingereza. Sisi tangu tufungue tuko kwenye neno “mkate”. Anayeinua mkono anapigwa kwa ukingo wa rula.

Jana Sunneva, katoto ka miaka saba kanakolala kitanda cha jirani na changu, kaliniomba maji kwa alama. Mwalimu akautia mkono wake ndani ya dawati, akabamiza mfuniko. Vidole viwili vimevunjika. Nikamsoma mwalimu midomo: “Lia kwa sauti, binti. Hata hicho ni Kiaislandi.”

Dada yako mdogo,
Ísgerður

Siglufjörður, 22 Oktoba

Mdogo wangu,

Hatujambo, kifua cha mama kimetulia. Anasema uvumilie, ujifunze kuongea, usije ukadhulumiwa mbeleni. Sikumsomea barua yako yote.

Niliwasomea wenzangu kwenye mapipa ya kutilia samaki chumvi. Gísli akasema, “Dume zima linapiga vitoto? Huku kwetu tungelitia chumvi.” Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Meli inashuka kusini wiki ijayo. Usimwambie mtu.

Kaka yako,
Hallvarður

Reykjavík, 9 Novemba

Kaka,

Natumaini huko mahabusu wamekupa blanketi. Mimi nina jeraha la moto begani, linapona.

Uliingia darasani ukanipa mgongo, kwa hiyo sijui ulimwambia mwalimu nini. Niliona ngumi tu. Taya lake lilipovunjika hakuweza tena kusema, akainua mikono. Akafungua kiganja, akakiweka kifuani, akakifungua tena: basi, naomba. Ni alama zetu zile zile. Kumbe anazijua, kaka. Siku hiyo ndiyo nilimwelewa kwa mara ya kwanza.

Nikakuvuta shati. Nikasimama mbele yako nikakuambia kwa mikono acha, nikarudia, acha. Ukanisukuma kwenye jiko la makaa. Ukamburuta mkono mpaka kwenye dawati, ukabamiza mfuniko hadi mbao zikapasuka. Damu ilimrukia Sunneva usoni. Sasa mwanamume yeyote akiingia, hata mleta makaa, mtoto huyo anaficha mikono chini ya aproni.

Dada yako,
Ísgerður

Gerezani, 2 Desemba

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi sijambo, baridi na uji, basi. Wamenipa mwaka mmoja. Nilikuwa nakupigania wewe. Bila mimi ungekuwa unapigwa mpaka leo. Sikuona uliponiambia niache. Njoo uniambie hujakasirika.

Kaka yako

Reykjavík, 12 Januari 1957

Kaka,

Heri ya mwaka mpya. Mama anakusalimu, ametuma soksi.

Þorgils hatafundisha tena. Mkono wake wa kulia haushiki chaki. Amekuja mwingine, naye hapigi. Anawafunga watoto mikono nyuma ya kiti kwa kitambaa. Mimi nimeacha shule, nafuma nyavu bandarini. Jumapili mama yake Sunneva huniletea mwanawe tuongee. Juzi aliomba maziwa kwa mkono mzima, kisha akageuka kutazama mlango.

Nitakuja Jumamosi. Usiniombe niseme sijakasirika. Ulikuwa unanitazama usoni, kaka, uliona. Mlinzi atatuweka meza moja. Wewe nyamaza. Mimi nitaongea kwa mikono yangu, nawe utatazama mpaka nimalize.

Dada yako,
Ísgerður