Wimbo Niliouanza Juu Mno

Kiuruvesi,
Finland.
12 Novemba 1961

Mpendwa shangazi Saimi,

Pokea salamu zetu huko Kanada. Goti lako limepoa? Usilipeleke kwenye theluji bila soksi ya sufu, nakujua. Sisi hatujambo. Oiva ameota jino la tatu, anauma kila kitu, hata kidole cha baba yake.

Viazi mwaka huu vimekuja vizuri, tumejaza shimo la chini ya sakafu.

Sasa shangazi, nikwambie langu. Tangu tumzike dada yake Oiva, Sylvi wetu, wakati wa kiangazi, sikuweza kuomba wala kuimba. Nafungua mdomo, hakitoki kitu. Nikaona Mungu kanipa kisogo, na imani yangu imekwisha.

Jumapili iliyopita kikao cha nyimbo kilikuwa kwetu. Unakikumbuka: watu wamekaa kimya kwenye mabenchi, mwenye jambo moyoni anaanzisha wimbo bila kuambiwa, wengine wanamfuata, na aliyeanzisha hasahihishwi. Mimi nilikuwa nimesimama na birika la kahawa tu. Mara nikajisikia naimba, "Sikuoni, wala hatua zako sizisikii, lakini kiti chako nimekiacha wazi."

Nimeuanza juu mno, shangazi. Kufika ubeti wa pili, wanaume wazima wamebana koo kama majogoo. Mume wangu Taavi amekuwa mwekundu. Mama mkwe, ambaye sauti yake imekwisha siku nyingi, ananong'ona maneno matupu. Nikataka kunyamaza kwa aibu. Lakini hakuna aliyeushusha. Walikwenda nami huko huko juu mpaka beti zote zikaisha.

Mzee Eenokki, anayetuongoza, akafuta jasho. "Haya mwanangu, kama Bwana alikuwa amesinzia, sasa yuko macho."

"Na ng'ombe wote pia," akasema mama mkwe. "Mimina kahawa, Hilkka, umetukausha makoo."

Watu wakacheka, nami nikalia pale pale na birika mkononi. Hakuna aliyenibembeleza ninyamaze. Waliningoja tu.

Tulipokuwa tunaosha vikombe nikamwambia mama mkwe kwamba mimi sina imani tena, nimebaki na hamu tu ya Mungu. Akaendelea kusugua kikombe. "Sasa kama huna imani, hiyo hamu ni ya nani?"

Nikakipokea kikombe nikakifuta, shangazi, na swali lake ninalo mpaka leo. Sylvi hajarudi, na kile kiti bado ki wazi. Lakini naomba tena, maneno mawili matatu, halafu nakaa.

Taavi na mama mkwe wanakusalimu sana. Nisalimie mjomba Kalle na binamu Aune. Bwana akae karibu nawe, hata siku ambazo humsikii.

Jana nilimwimbia Oiva ule ule wimbo, akalala. Safari hii niliuanza chini.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye,
Hilkka