Umra Niliyosema Nimekwenda

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Huu mwezi wa tatu tangu tukuzike hapa Ibra, na lipo jambo nililoshindwa kukwambia ukiwa hai.

Unakumbuka asubuhi niliyokuja kukuaga? Ulikuwa unachambua mchele. Ukaliona begi, ukauliza kama nakwenda umra. Kumbe nilikuwa nakwenda Uswisi na wenzangu wa kazini, kuteleza kwenye theluji. Nilijua ungesema milima yetu ya Al Hamra hainitoshi mpaka nikavunjike kiuno ugenini. Nikajibu, "Inshallah, Bibi."

Ukauweka ungo chini, ukanishika mkono. "Ukimaliza yako, mfanyie na mamaangu. Kafa Unguja, Makka hajaiona." Ukalia. Nami nikaitikia.

Siku ya tatu kule tuliziacha njia zenye alama, tukapanda kwa miguu, mbao za kutelezea begani, mpaka pahala ambapo theluji haijakanyagwa na mtu. Kiongozi wetu akatuagiza tushuke mmoja mmoja. Naona haya kusema, lakini nilifurahi mno. Theluji ilikuwa laini kama unga wa mchele, na kila nikikata kona ilinirukia usoni. Mara ikakatika juu yangu, ikaniangusha, ikanifukia mpaka kifuani. Wenzangu wakinichimbua, nilitaka kutoa shahada, ikanijia sura yako ukiwaambia majirani kwamba nipo Makka.

Hata hapo sikukoma. Niliporudi ulinipokea kwa ubani na halua, ukanibusu mikono hii hii. "Sasa mama kapumzika," ukasema. Ningeweza kusema kweli palepale. Badala yake nilikula halua, tena nikaongeza.

Wiki ijayo nakwenda Makka, safari hii kweli. Nitaanza na umra yangu, maana asiyejifanyia mwenyewe hamfanyii mwengine. Mama yangu anataka ya pili iwe yako. Jana nilimweleza yote, na kwa nini haiwezekani, akaondoka, na mpaka leo hajanitazama usoni. Nastahili.

Ya pili ni ya mama yako, Bibi. Yako itakuwa ya tatu. Nisamehe kwa kukungojesha, ingawa nakujua: hata ningekuweka mbele, ungempisha.

Mungu akulaze pema.

Mjukuu wako uliyemwamini