Zulia Lako la Milia

Kwa dada yangu Aune,

Huku hatujambo. Birika la kahawa limepasuka, paka wa jirani amezalia ndani ya boti yetu, na kazi yangu ni ile ile ya kupima maji ya mto.

Jumapili kifaa tulichokifunga chini ya daraja kilinitumia ujumbe kwenye simu kwamba mto umechafuka. Nilitoka mbio na chupa zangu, nikiwahofia samaki waliorudi juzijuzi tu. Nikaona povu. Nikalifuata kuelekea juu, likinukia sabuni ya msonobari, mpaka kwenye gati letu. Mama alikuwa amepiga magoti, anasugua zulia.

"Mama, kufulia mtoni ni marufuku. Manispaa imejenga beseni la kufulia mazulia kule juu."

"Hiyo sheria imenikuta hapa hapa. Shika ncha hiyo tukamue."

"Nitakuandika kwenye ripoti."

"Andika. Kumbe nilizaa askari."

Kisha akauliza nilijuaje. Nikamwonyesha simu, akaitazama sana.

"Yaani chuma kikikuita mara moja tu, unakuja mbio. Aune namwita kila kiangazi, haji."

Tulilibeba zulia hadi kwenye beseni, yeye akinung'unika njia nzima. Ni lile lako la milia ya buluu. Limeshakauka, na ameshalitandika chumbani kwako.

Anasema usipofika kabla ya sikukuu ya kiangazi, atalifua tena mtoni. Dada, yaliyotokea kati yenu mnayajua wenyewe, lakini samaki hawajamkosea mtu.

Mdogo wako,
Tuulikki