Aliyeipa Ardhi Jina

Kijiji Kipya, Kahama
3 Juni 1975

Mume wangu Ansgar,

Mvua mbili zimepita hujakanyaga hapa. Umevunjika miguu? Mimi mzima, ila meno yananiaga. Usimnunie katekista Herman kwa ukali huu. Yeye ni mkono tu, mdomo ni wangu.

Nasikia unashika mnyororo wa kupimia ardhi, na mzungu wenu anachora ramani mpaka huku. Je, Mwamaganga, kwetu kwa zamani, ameiandika? Tangu watuhamishie kijijini, watoto wanapaita "kule porini". Babu yako Maganga alipafyeka mwenyewe, mbung'o wakimla. Nijibu.

Bibi yako,
Generoza


Geita
29 Juni 1975

Bibi, shikamoo.

Nisamehe, kazi imenibana. Afya njema. Nilimuuliza Bwana Ford, huyo mzungu wetu, akaanza kunieleza asili ya jina lake. Zamani huko Uingereza mababu zake walikaa pale mto unapopungua kina, watu wakavuka kwa miguu. Mahali hapo kwa lugha yao ni "ford", na wakaao hapo wakaitwa hivyo. Walihama zamani sana, mto wenyewe hajawahi kuuona, ila jina anatembea nalo.

Lakini Bibi, Mwamaganga haimo. Amesema, "Pasipo na mtu siandiki jina." Agosti tutapita kuhakiki, kisha ramani inakwenda kuchapwa. Tuache tu.

Mjukuu wako,
Ansgar


Mwamaganga
20 Julai 1975

Mume wangu,

Marahaba. Mimi Ford niliyoijua ni lori la pamba, kumbe ni watu wa mtoni. Msalimie. Kwao ardhi ndiyo iliyowapa watu jina. Kwetu mtu ndiye aliyeipa ardhi. Yeye akihama anaondoka na lake. La Maganga nilibebe kwenye nini? Limekaa chini hapa.

Alitaka mtu, basi mtu yupo. Nimerudi Jumatatu na jembe na mbuzi wawili. Katibu wa kijiji alinifuata kwa baiskeli, akasema nimevunja agizo. Nikamwambia, "Nifunge, ila kwanza niezekee." Akanirushia nyasi mpaka jua likazama, kanuna. Ameapa kurudi na mgambo baada ya mavuno. Herman anaandika amesimama, kiti sina.

Agosti mkifika Isaka, usimwambie mtu unakwenda kwa Bibi. Uliza njia ya Mwamaganga, nyumba hadi nyumba, Bwana Ford akisikia, hata kama unaijua.

Bibi yako,
Generoza